Posamu: Mnyama Mmoja, Hukumu Mbili

Tarehe 6 Juni 1835, kando ya kijito kilicho karibu na mahali ulipo leo mji wa Melbourne, mlowezi aitwaye John Batman aliketi na wazee wa Wakulin kutafuta ardhi. Alitaka ekari zipatazo 600,000. Kwa malipo alileta mablanketi, visu, mashoka, vioo, mikasi, nguo na unga, akaahidi kuleta vingine kila mwaka. Wazee wale, kwa ukarimu wao, wakampa makapu na majoho mawili. Mwezi Agosti mwaka ule ule, Gavana Richard Bourke aliutangaza mkataba kuwa batili kwa hoja kwamba nchi yote ni mali ya Mfalme wa Uingereza, hivyo mwenyeji hana cha kuuza. Karatasi ya Batman ikawa haina kazi, lakini walowezi walizidi kumiminika, na wenyeji wakaipoteza nchi hata bila kuuziana.

Wengi wanaosimulia siku ile huhesabu mablanketi. Mimi nayatazama majoho, kwa sababu katika pembe ile ya kusini-mashariki mwa Australia joho lilikuwa vazi la ngozi ya posamu, na historia ya mnyama huyu haieleweki mpaka uanze na watu walioishi naye kwa maelfu ya miaka.

Posamu ni mamalia mwenye mfuko tumboni, jamaa wa mbali wa kangaruu na koala. Wako wa aina nyingi. Ninayemsimulia hapa ni yule mwenye mkia uliojaa manyoya, ambaye mwaka 1792 Robert Kerr alimwingiza katika orodha ya wanasayansi na ambaye leo hujulikana kwao kama Trichosurus vulpecula. Msomaji wa Afrika Mashariki akimulika tochi mtini usiku na kukutana na macho yake, atadhani ameona komba aliyenenepa kupita kiasi. Masikio yamesimama, pua ina rangi ya waridi, mkia unajizungusha tawini. Mkubwa huwa na uzito wa kilo moja na kitu hadi nne na nusu. Mchana hulala ndani ya tundu la mti, na jua likizama hutoka kutafuta majani, maua na matunda, na mayai ya ndege yakipatikana hayaachi. Jike hubeba mimba kwa siku 17 au 18 tu. Kitoto huzaliwa hakijafika hata gramu moja, hujivuta chenyewe hadi mfukoni, hukaa humo miezi minne au mitano, kisha huhamia mgongoni mwa mama.

Wakulin, Wagunditjmara, Wayorta Yorta na majirani zao walimjua vizuri kuliko mtu yeyote aliyekuja kumwandika. Mwindaji alilisoma gome la mkaratusi akitafuta alama mbichi za kucha. Akiziona, alichonga vidato kwa shoka la jiwe, akapanda shina nene lisilokumbatika hadi kwenye tundu, na pengine alimfukiza moshi mnyama mpaka atoke. Miti yenye makovu ya vidato hivyo ingali imesimama sehemu mbalimbali za Australia. Nyama ililiwa, manyoya yalisokotwa kuwa kamba, na ngozi iliwambwa kwa vijiti juu ya kipande cha gome, ikakaushwa, kisha ikaparuzwa kwa gamba la kome au jiwe kali. Upande wa ndani ulitiwa mistari ya kuchanja iliyoilainisha ngozi, na papo hapo ikaeleza mwenye joho ni wa ukoo gani na nchi yake ni ipi. Ilipakwa ngeu na mafuta. Ngozi zikaungwa moja baada ya nyingine kwa uzi wa kano za kangaruu, kwa sindano ya mfupa. Joho la mtu mzima liliweza kumaliza ngozi 50 na zaidi.

Kinachonigusa zaidi ni jinsi vazi lilivyokua pamoja na mtu. Mtoto mchanga alifunikwa kwa joho dogo la ngozi chache. Alivyozidi kukua, ngozi ziliongezwa, na mistari mipya ikachanjwa, na alipokufa aliweza kuzikwa ndani ya joho hilo hilo. Penye ngoma, wanawake walilikunja, wakaliweka mapajani na kulipiga kwa viganja kama chombo cha muziki. William Barak, mzee wa Wawurundjeri aliyekuwa mtoto wakati Batman alipofika, alitumia miaka ya uzeeni pale Coranderrk kuchora picha za ngoma za ujana wake. Katika michoro hiyo watu wamesimama safu kwa safu ndani ya majoho yao, na mistari ya kila joho imechorwa kwa uangalifu wa mtu anayejua kwamba kitu hicho kinapotea. Barak alifariki mwaka 1903.

Majoho yalipotea kwa sababu zinazojulikana. Misitu ilikatwa kupisha kondoo, watu wakafukuzwa katika maeneo yao ya kuwinda, wakakusanywa kwenye vituo vya misheni na vya serikali, na badala ya ngozi wakagawiwa mablanketi ya sufu. Joho la posamu, manyoya yakigeuzwa ndani au nje kulingana na hali ya hewa, lilikinga mvua na baridi. Blanketi lililowa na kubaki bichi mwilini, na mafua na magonjwa ya kifua yalishika watu ambao tayari walikuwa wamepigwa na ndui na njaa. Majoho ya kale yaliyosalia ni machache mno duniani. Mawili yamo katika makumbusho ya Melbourne: moja lilipatikana kwa Wayorta Yorta mwaka 1853, karibu na mahali palipo Echuca leo, na jingine kwa Wagunditjmara wa Lake Condah mwaka 1872.

Wageni nao walikuwa wameshamwona mnyama huyu mapema. Katika kitabu cha safari ya Gavana Arthur Phillip kilichochapishwa London mwaka 1789, mwaka mmoja tu baada ya koloni la Sydney kuanzishwa, posamu amechorwa miongoni mwa viumbe wa ajabu wa nchi mpya. Ajabu ile haikudumu. Kufikia mwisho wa karne ya 19 posamu alikuwa bidhaa, na ngozi zake zilipakiwa melini kwa mamilioni kwenda London na New York kushonewa makoti. Mtu maskini wa shambani alipata fedha ya haraka kwa mtego, bunduki au sumu. Kilele cha uchungu kilikuwa Queensland mwaka 1927, serikali ya jimbo ilipofungua msimu wa kuwinda. Koala zaidi ya 500,000 waliuawa ndani ya mwezi mmoja wa Agosti, na katika msimu huo huo posamu zaidi ya 1,000,000. Wananchi, makanisa na magazeti walipiga kelele, lakini walimlilia koala zaidi. Posamu hakuwa na sura ya kuhurumiwa kiasi hicho. Hata hivyo kelele zile zilisaidia kubadili fikra, na baadaye sheria za majimbo zikamlinda naye.

Wakati huo alikuwa ameshavuka bahari.

New Zealand ni nchi ambayo, kabla ya binadamu kufika, haikuwa na mamalia wa nchi kavu isipokuwa popo. Miti yake ilikua bila kujua meno ya mnyama mpanda miti, na ndege wake walitaga bila hofu ya mvamizi mwenye manyoya. Walowezi wa Kiingereza waliiona hali hiyo kama upungufu wa kurekebishwa. Mwaka 1837 posamu wa kwanza waliletwa kutoka Australia na kuachiwa Riverton, kusini kabisa mwa Kisiwa cha Kusini, lakini hawakushika. Walioletwa tena hapo hapo mwaka 1858 walishika. Lengo lilikuwa wazi, nalo ni biashara ya ngozi. Baadaye kazi hiyo ikachukuliwa na vyama vya kuzoesha viumbe wageni, vyama vya watu wenye heshima zao, waliokutana, wakachanga fedha na kuagiza wanyama. Walipenda hasa posamu wa Tasmania, ambao baridi imewapa manyoya mazito na meusi. Jumla ya walioingizwa kutoka ng'ambo haikuzidi mia chache. Wengi zaidi walikuwa uzao wao, waliokamatwa hapo hapo nchini na kusafirishwa kwenye msitu mwingine, na mwingine tena, mpaka ramani ikajaa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wenye bustani za matunda walikuwa wanalalamika. Wapenzi wa misitu nao walianza kusema. Serikali ikavutwa huku na huku na watu wa ngozi na watu wa miti, na mwaka 1920 Profesa Harry Borrer Kirk wa chuo cha Wellington akatoa ripoti yake. Alihitimisha kwamba madhara ya posamu kwa misitu ni madogo, na kwamba wangeweza kuachiwa katika misitu mingi iliyo mbali na mashamba ya matunda. Sitaki kumdharau Kirk. Mti mkubwa haufi siku uliyoutembelea, na jicho la mchana halimwoni mnyama wa usiku. Lakini ripoti yake iliwapa nguvu watu ambao tayari walitaka kusikia jibu hilo. Mwaka 1921 serikali ikaweka utaratibu wa leseni kwa wawindaji na kuacha kuruhusu uachiaji mpya. Hiyo haikuwazuia watu waliotaka ngozi karibu na nyumbani kuendelea kuwaachia kwa siri.

Miti ikaanza kufa. Mrata, ambao maua yake mekundu huonekana kutoka mbali, na mkamahi iliumia zaidi. Posamu ana tabia ya kurudi kwenye mti ule ule usiku baada ya usiku, na mti uliovuliwa majani miaka michache mfululizo haufufuki. Australia hali ni tofauti. Majani ya mkaratusi yana kemikali kali, hivyo mnyama hula kidogo kidogo na kuhama mti, huku bundi, chatu, kenge na dingo wakimpunguza. New Zealand majani hayakuwa na kinga hiyo, na maadui hawakuwepo. Mnyama yule yule, asiyebadilika hata unywele, alifikia msongamano ambao kwao haukujulikana.

Mwaka 1947 vizuizi vyote vya kumwinda vilifutwa, na adhabu ya kumfuga au kumwachia ikaongezwa. Mwaka 1951 serikali ikaanza kulipa zawadi kwa kila posamu aliyeuawa, mpango uliodumu miaka kumi hivi. Wawindaji, kama ilivyotarajiwa, walifanya kazi pembezoni mwa barabara na mashamba ambako ni rahisi kufika, huku misitu ya ndani ikibaki kama ilivyokuwa. Kisha mwaka 1967, katika pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Kusini, alipatikana posamu mwenye kifua kikuu cha ng'ombe. Hapo suala liliingia mfukoni mwa kila mfugaji. Nchi inayoishi kwa maziwa na nyama ilikuwa na ugonjwa unaotembea usiku kutoka msituni hadi malishoni.

Katika miaka ya 1980 makadirio yaliyotajwa mara nyingi yalikuwa posamu milioni 70, zaidi ya 20 kwa kila mwananchi. Bado kulikuwa na waliomwona kuwa mla majani tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kamera za usiku zilizowekwa kwenye viota vya kokako, ndege wa kale wa misitu ile mwenye sauti ya kupendeza, zilimnasa posamu akila mayai na makinda. Baada ya picha zile utetezi ule ulikwisha.

Silaha kubwa iliyotumika ni sumu iitwayo 1080, inayotupwa kwa helikopta ndani ya chambo cha karoti au nafaka. Kemikali yake huwa pia katika mimea ya asili: huko Australia Magharibi, ambako posamu wenyeji wameizoea kiasi cha kuistahimili, na hapa barani Afrika, ambako mwaka 1944 mtafiti J. S. C. Marais aliitambua katika mmea unaoua mifugo Afrika Kusini. New Zealand inatumia sehemu kubwa mno ya sumu hii duniani. Wawindaji wanaichukia, wenye mbwa wanaiogopa kwa sababu mbwa hufa kwa kiasi kidogo sana, na Wamaori wengi wanaumia kuona sumu ikidondoka juu ya misitu ya wazee wao. Mwaka 2011 Jan Wright, kamishna wa bunge wa mazingira, aliichunguza na kusema itumike, kwa kuwa bila hiyo ndege wangeisha. Nimeisoma hoja hiyo na kuikubali kwa moyo mzito. Makundi ya ng'ombe yenye kifua kikuu, ambayo katikati ya miaka ya 1990 yalizidi 1,500, yamepungua hadi makumi machache, na idadi ya posamu inayotajwa sasa ni kama milioni 30. Kisiwa cha Kapiti kilisafishwa kati ya 1980 na 1986 kwa mitego, mbwa na sumu, na zaidi ya posamu 20,000 wakaondolewa. Rangitoto, kisiwa cha volkano mbele ya Auckland, kilifuata katika miaka ya 1990, na misitu yake ya mipohutukawa ikarudisha majani. Mwaka 2016 waziri mkuu John Key alitangaza lengo la kuwamaliza panya, vicheche na posamu nchi nzima ifikapo 2050. Leo huko Wellington watoto wa shule hujifunza kutega, na majirani hulinganisha idadi ya walionaswa bustanini.

Turudi ng'ambo ya pili ya bahari ya Tasman, ambako mnyama huyu ana maisha mengine kabisa. Mikaratusi huchukua miaka 100 na zaidi kupata tundu la kutosha posamu kulala. Jiji likikata mti wa namna hiyo haliwezi kuurudisha katika umri wa mtu mmoja. Posamu wa Sydney, Melbourne, Brisbane na Adelaide alitatua tatizo hilo kwa kuingia darini. Kigae kilichosogea au ubao uliooza unamtosha, na ndani kuna joto, giza na usalama. Chini yake, bustani za waridi, miembe, machipukizi ya mboga na ndoo za taka zimemwekea meza ambayo msitu haukuwahi kumwandalia. Wenye nyumba wanazijua nyayo zake: kishindo saa nane za usiku, mkoromo mzito wa madume wanaogombana, doa la mkojo linalotambaa kwenye dari. Katika bustani za Melbourne, zile za Fitzroy na Treasury zikiwemo, miti ya kigeni imevishwa mikanda ya bati shinani ili asipande na kuimaliza.

Sheria inamlinda hata hivyo. Huwezi kumuua, na ukimtega, Victoria inadai umwachie ndani ya mita 50 kutoka ulipomkamata, siku hiyo hiyo jua likizama. New South Wales inaruhusu mita 150. Wageni huona sheria hiyo ni ya kuchekesha, lakini ina sababu nzito. Posamu ni mnyama wa eneo lake. Watafiti waliowafuatilia waliohamishwa kutoka mjini kwenda porini waliona wengi wakifa ndani ya siku chache, sehemu kubwa wakiliwa na mbweha walioletwa na walowezi. Na ukimwondoa, nafasi yake darini hujazwa na mwingine mara moja. Dawa inayofaa ni kuziba tundu usiku akiwa ametoka, na kumtundikia sanduku la mbao mtini. Wakati huo huo, katika jangwa la kati la Australia, ambako zamani alikuwa wa kawaida, ametoweka karibu kote. Moto usiofuata tena utaratibu wa wenyeji, mbweha, paka na ukame vilimmaliza. Mtu wa mjini anayemsikia kila usiku hudhani wako tele kila mahali, na hapo anakosea.

Mwaka 1999 wanawake wanne wasanii, Vicki Couzens, Debra Couzens, Lee Darroch na Treahna Hamm, walikwenda kuyatazama majoho mawili ya makumbusho ya Melbourne, wakaamua kushona mapya kwa kufuata mistari ile ile. Ufundi ukaenea kutoka ukoo hadi ukoo. Mwaka 2006, Michezo ya Jumuiya ya Madola ilipofunguliwa Melbourne, wazee wa makabila ya Victoria walitokea uwanjani wakiwa wamevaa majoho. Siku hizi watoto hupokelewa ndani yake tena, na marehemu hufunikwa. Kwa kuwa posamu wa Australia analindwa, ngozi hununuliwa New Zealand, kutoka kwa uzao wa wale wale waliopelekwa Riverton.

Wapo wanaouliza ni nchi ipi inayomtendea haki. Kwa maoni yangu sheria zote mbili ni za haki. Melbourne ina wajibu wa kumlinda mwenyeji aliyenyang'anywa mti, na Wellington ina wajibu wa kulinda misitu na ndege wasio na kinga dhidi yake, mradi wanaomuua wahakikishe hateseki. Wasio na udhuru ni wale waliokuwa na malalamiko ya wakulima mezani, wakajua, na bado wakabeba vizimba kwenda kumwachia katika bonde jingine ili wapate ngozi. Gharama yao inalipwa hadi leo na walipa kodi wa New Zealand, na kila usiku na posamu wenyewe.